Hotuba moja, wasomaji thelathini

Ukitaka kuandaa usomaji wa hadhara wa hotuba ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa, tarehe yenyewe ndiyo hii: Julai 5. Mwaka 1852 akina mama wa chama cha kupinga utumwa cha Rochester, jimbo la New York, walimwalika Douglass ahutubie kwenye sikukuu ya uhuru wa Marekani. Alikubali, ila akasimama siku ya pili yake, Jumatatu tarehe 5, katika ukumbi wa Corinthian, mbele ya watu mia tano na ushei. Tangu utumwa ukomeshwe jimboni humo mwaka 1827, wengi wa Weusi wa New York walipendelea kusherehekea tarehe 5. Ya nne waliwaachia wenyewe.

Siku hizi hotuba ile husomwa hadharani kila kiangazi, hasa Massachusetts, ambako taasisi ya Mass Humanities husaidia miji kuandaa shughuli hiyo. Boston huisomea kwenye bustani ya Common, penye mnara wa kikosi cha 54 cha askari Weusi, ambacho wana wawili wa Douglass, Lewis na Charles, walijiunga nacho. Hasomi mtu mmoja. Watu hupanga foleni, kila mtu na aya yake, akimaliza anampisha mwenzake. Aliyekulia kwenye maulidi ya Barzanji ataelewa mara moja: mlango huu wa huyu, ule wa yule.

Tofauti ni kwamba kwenye Barzanji kila mtu anajua mlango unaishia wapi. Hapa hawajui, na ndipo mambo yanapoharibika: msomaji anapumua, mwenzake anadhani kamaliza, wanasoma wawili kwa pamoja, watu wanacheka mahali pasipo pa kuchekea. Dawa yake ni rahisi. Kila aya iwe na karatasi yake, herufi za ukubwa wa 18, namba kubwa pembeni, na juu kabisa, kwa mwandiko wa mlazo, sentensi ya mwisho ya aya iliyotangulia. Hiyo haisomwi, inasikilizwa tu. Vipaza sauti viwe viwili: mmoja anasoma, anayefuata keshasimama kwenye cha pili. Nje kuna upepo, kwa hiyo karatasi zibanwe kwenye ubao mgumu. Karatasi moja ikipeperuka ni dakika tatu za kuikimbiza.

Sasa urefu. Hotuba nzima ina maneno zaidi ya 10,000. Kwa mwendo wa maneno 130 kwa dakika, hiyo inakaribia dakika 80 hata kabla ya kuhesabu kupishana. Juani hakai mtu. Ipunguzwe ifike 4,000 hivi, wasomaji 30, kila mmoja dakika moja.

Kwenye kupunguza ndiko waandaaji wengi wanakoniudhi. Wanakata mwanzo, wanakata mwisho, wanabakiza katikati kwa kuwa ndiko kuliko na maneno mashuhuri. Lakini mwanzoni Douglass anawasifu waasisi wa taifa, anawaita mashujaa, wasikilizaji wanaitikia kwa vichwa, wanastarehe. Kisha anawageukia. Ukiondoa sifa zile, mtego haupo tena, inabaki lawama kavu. Na mwishoni anaishika Katiba na kuiita hati ya uhuru, mwaka mmoja tu baada ya kutofautiana hadharani na William Lloyd Garrison, kiongozi mwenzake katika kupinga utumwa, kuhusu jambo hilo hilo, halafu anafunga kwa shairi la Garrison huyo huyo! Hapo si mahali pa kukata. Kata sehemu ndefu inayohusu makanisa na wachungaji wa enzi zile, ubakize aya moja au mbili. Kata pia beti za washairi anaowanukuu njiani.

Usiguse Baltimore. Anaeleza alivyokuwa mtoto mtaa wa Philpot, akiamshwa usiku na minyororo na nyayo za watu waliofungwa pamoja wakipelekwa melini. Aya hiyo apewe mtu asomaye polepole, mtu mzima. Watoto wapewe sentensi fupi za mwanzoni. Soko la watumwa si la mtoto wa miaka tisa kulisoma mbele ya umati.

Aya nyingine zigawiwe kwa kura ya bahati nasibu, hasa ile ya sherehe hii ni yenu, si yangu; ninyi mnaweza kufurahi, mimi sina budi kuomboleza. Akiisoma polisi mzungu ina uzito wake, akiisoma mwenye duka la vinyozi ina mwingine. Katika miji yenye Weusi wachache waandaaji humtafuta mmoja wao wamkabidhi aya hiyo, wakidhani wanamheshimu. Douglass mwenyewe aliwauliza waliomwalika kama walikusudia kumdhihaki kwa kumwita azungumze siku ile. Wameisoma kweli?

Katikati ya hotuba imo Zaburi ya 137. Miji kama Lowell na Springfield ina familia za Wakongo wanaosema Kiswahili, na sehemu hiyo wakiachiwa waisome kwa lugha yao, kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia, hakuna anayepotea, maana wengi kanisani wanaijua. Igawiwe wiki mbili kabla, isiwe asubuhi ile ile.

Mazungumzo ya baadaye yasianze na “mmeionaje?” Swali hilo huleta kimya na watu kutazama simu. Wagawie penseli tangu mwanzo pamoja na nakala ya maandishi, kila mtu apige mstari chini ya sentensi moja. Wakishaketi duara, kila mmoja aisome tu sentensi yake, bila maelezo. Zitakazorudiwa na wengi ndizo za kuanza nazo. Nusu saa inatosha, na maji ya kunywa yawepo kabla ya kuanza, si baada.