Mguu mbovu haukuwa ule niliodhani

Nimenyoa watu hapa Tanga miaka 26, kazi ya kusimama kutwa. Mguu wangu wa kulia una mishipa iliyojisokota chini ya goti mpaka watoto huuliza. Wa kushoto hauna cha kutazama, ila jioni ulivimba, soksi ikaacha alama iliyozama, na ngozi juu ya kifundo ikaanza kuwa nyeusi na kuwasha. Nikadhani fangasi, nikapaka dawa miezi miwili bure.

Ultrasaundi ya kwanza nilipigwa nimelala. Walikuwa wanatafuta damu iliyoganda, hawakuiona, nikarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Ya pili, hospitali nyingine, nilipandishwa juu ya kigoda nikashika chuma cha kitanda. "Baba, egemea wa kulia. Huo wa kushoto uache ulegee," akasema binti wa vipimo. Jeli ya baridi kinenani (mtu mzima nikaona haya), mkono mmoja ukashika kifaa, wa pili ukaminya kigimbi, kisha ukaachia. Alipominya, damu ilipanda kwenye skrini kwa rangi ya buluu. Alipoachia ikageuka nyekundu, ikashuka, na mashine ikavuma shwaaa bila kukoma.

Akanieleza kwamba ndani ya vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vilango vinavyoruhusu damu kupanda tu. Vikiwa vizima, kwenye vena hizi zilizo karibu na ngozi hufunga ndani ya nusu sekunde. Vyangu vilivujisha zaidi ya sekunde 3, na vena yenyewe ilitanuka hadi milimita 9 kinenani. Akahamia mguu wa kulia, ule wa kutisha: vena kuu ni nzima, matawi tu ndiyo yaliyolegea.

Daktari akaandika C2 kulia, C4 kushoto. Ngazi hizo za ugonjwa wa vena huishia 6, yaani kidonda kibichi, na hupimwa kwa kutazama mguu. Kazi ya mashine ni kuonyesha damu inarudia wapi. Nilichodhani fangasi ndicho kilichonipa hiyo 4.

Kabla ya kunipa soksi za kubana alikagua kwanza mapigo ya ateri, mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, miguuni, maana ateri zikiwa zimeziba soksi hizo hudhuru. Nazivaa alfajiri kabla mguu haujavimba, na kuzipandisha ni jasho. Kuchoma vena kwa leza tumeshaongea, nakusanya pesa.

Wateja bado wananipa pole ya mguu wa kulia.