Uzito ulipopungua, njaa iliongezeka

Kupungua niliweza. Kutoka kilo 104 hadi 86 nilifika kwa kufuata maelekezo ya afisa lishe wa kliniki ya presha: mboga nusu ya sahani, ugali wa ngumi moja, soda basi, na kutembea kila jioni. Kazi yenyewe ilianza mizani iliposimama, kwa sababu hapo ndipo njaa ilipokuja.

Sisemi njaa ya mtu aliyechelewa kula. Hii ilinikuta saa nne asubuhi katika ofisi ya walimu, saa moja nimeshapata uji na mayai, lakini mfuniko wa ndoo ya maandazi ukifunguliwa, najikuta nasoma mstari uleule wa daftari la mwanafunzi bila kuuelewa. Mwenzangu wa meza ya pili anakula mawili, anafuta mikono, anaendelea kusahihisha. Mimi nayawaza hadi kengele ya mchana. Nilipokuwa na kilo 104 sikuwa hivyo. Kwa kuwa nafundisha biolojia, nikaanza kusoma kulikoni.

Mafuta ya mwilini yanatoa homoni, hayakai tu pale kiunoni. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitambua jeni ya homoni ambayo baadaye iliitwa leptini. Seli za mafuta zinaitoa, nayo inaujulisha ubongo akiba iliyopo. Ukipungua, seli hizo zinasinyaa, ila idadi yake inabaki karibu ileile. Leptini inashuka, na ubongo unapokea habari kwamba kuna ukame, ghala linaisha. Mwaka 1999 watafiti wa Japani wakatangaza homoni nyingine, ghrelini, inayotoka tumboni na kuchochea hamu ya kula. Mtu akipungua, hiyo inapanda. Yaani unasukumwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Nilidhani mambo haya yanatulia baada ya muda. Kisha nikasoma utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa mwaka 2011. Watu 50 wenye unene waliwekwa kwenye chakula kidogo sana kwa wiki 10, kisha wakafuatiliwa. Mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa mwanzo, na wenyewe walisema wanahisi njaa kuliko kabla ya kupungua. Niliweka simu chini nikamwita mke wangu: “Mama Neema, njoo usikie hii.” Yeye ndiye aliyekuwa ananisikia nikifungua kabati la jikoni usiku.

Upande wa pili ni matumizi ya nishati mwilini. Kevin Hall na wenzake, Marekani, walichapisha mwaka 2016 matokeo ya watu 14 waliowahi kushindana kupungua kwenye televisheni. Miaka sita baada ya mashindano wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, lakini miili yao ilikuwa bado inatumia takribani kalori 500 pungufu kwa siku, ikilinganishwa na ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwaka huohuo Hall alishiriki katika hesabu nyingine iliyonibadilishia mpango mzima: kwa kila kilo inayopungua, matumizi yanashuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula inapanda kwa takribani 100. Njaa ndiyo yenye nguvu zaidi. Basi nikaamua nguvu zangu ziende kwenye njaa kwanza.

Utafiti uliofanyika hapa kwetu Tanzania ulinigusa kwa namna yake. Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, watu wanaotembea na kuchimba mizizi kutwa, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haitofautiani sana na ya Wamarekani na Wazungu. Bado natembea, kwa ajili ya presha, usingizi na misuli. Ila situmii matembezi kama ruhusa ya kula chapati.

Mpango wangu wenyewe ni wa kawaida kabisa. Maharage au dagaa vinaingia mdomoni kabla ya ugali. Saa nne nina mayai ya kuchemsha na tunda kutoka nyumbani, na nakula muda huohuo wenzangu wanapokula, sisubiri nizidiwe. Usiku silali saa saba tena, maana nikikosa usingizi kesho yake sishibi. Mizani napanda kila Jumamosi. Ilipopanda hadi 90 nikakubali kuishi hapo, kwa sababu presha imetulia na njaa inabebeka, kitu ambacho kwenye 86 hakikuwezekana.

Kijijini ilihitaji maneno zaidi. Mama aliponiona alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza. “Mwanangu, unaumwa na hutaki kuniambia?” Kwetu mtu akikonda, watu wanaanza kunong’ona. Nikamwambia, “Hapana Mama, daktari ndiye aliyetaka nipungue, kwa sababu ya presha.” Akanyamaza, kisha akauliza sasa nipikiwe nini. Nikamwomba samaki na mchicha viwe vingi, wali uwe kidogo. Siku hizi ananipakulia hivyo mwenyewe, na majirani wakiuliza ndiye anayewajibu.

Inaniuma sana kusikia mtu aliyerudisha kilo akiitwa mvivu au mlafi. Hata waliotumia semaglutidi, dawa inayoiga homoni ya shibe, walipoisitisha katika utafiti walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Vidonge vya presha siachi eti kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri, na hakuna anayeniona mdhaifu kwa hilo. Walimu wenzangu waliorudisha kilo wakija kuniuliza nilifanyaje, nawauliza kwanza njaa inawakuta saa ngapi, na muda huo kuna chakula gani karibu yao. Tunaanzia hapo.