Siku Moja Maishani Mwangu: Kuuhamisha Mfumo Kutoka Django 4.2 Hadi 5.2

Saa mbili asubuhi

Kazi ya leo ni moja tu: kuutoa mfumo wetu wa maagizo ya bidhaa kwenye Django 4.2 na kuufikisha kwenye Django 5.2. Django ni fremuweki ya kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python. Yote mawili ni matoleo ya huduma ya muda mrefu, yaani yale ambayo wasimamizi wa fremuweki hii huyapa marekebisho ya usalama kwa takriban miaka mitatu. Toleo la 4.2 lilitoka Aprili 2023 na muda wake ulipangwa kumalizika Aprili 2026, ilhali 5.2 lilitoka Aprili 2025 na limepangiwa kuhudumiwa hadi Aprili 2028. Lipo pia toleo la 6.0, lililotoka Desemba 2025, lakini hilo si la huduma ya muda mrefu, na kwa mfumo ambao watu wanautegemea kila siku kupokea na kutoa mizigo nimeona utulivu una thamani kuliko upya.

Kabla ya kugusa mstari wowote wa msimbo, ninasoma maelezo ya matoleo yote matatu yanayofuata lile letu, 5.0, 5.1 na 5.2, na kila moja ninalianzia mwishoni, kwenye orodha ya vilivyoondolewa. Sifa za matoleo mapya huandikwa juu kabisa, tena kwa mvuto, lakini gharama ya kuhama imeandikwa huku chini. Leo orodha inaniambia kwamba kuanzia 5.0 Python 3.8 na 3.9 hazikubaliki tena, kwamba 5.2 inataka hifadhidata ya PostgreSQL ya toleo la 14 au la juu zaidi (sisi tuko kwenye 16, kwa hiyo hapo pako salama), na kwamba mipangilio kadhaa tuliyoizoea haipo tena.

Saa tatu asubuhi

Ninafungua tawi jipya, yaani nakala ya msimbo ya kufanyia kazi kando, na kuendesha majaribio yote tukiwa bado kwenye 4.2, huku nikiiamuru Python ionyeshe kila onyo: `python -Wa manage.py test`. Django haina desturi ya kumwondolea mtu kitu ghafla. Kinachokusudiwa kuondolewa hutangazwa kwanza na kutolewa maonyo katika matoleo yasiyopungua mawili, kwa hiyo anayeyasoma maonyo ya leo anayajua makosa ya kesho. Yetu yanaangukia katika mafungu machache: maktaba ya pytz, ambayo nafasi yake imechukuliwa na zoneinfo ya Python yenyewe, mpangilio wa `STATICFILES_STORAGE`, ambao sasa umeingizwa ndani ya `STORAGES`, na kiungo cha kutoka kwenye akaunti.

Hilo la mwisho linastahili maelezo. Katika mfumo wetu neno "Toka" lilikuwa kiungo cha kawaida, na kukibofya kulituma ombi la GET, lile la kusoma ukurasa tu. Tangu 5.0, ukurasa wa kutoka uliojengwa ndani ya Django haukubali tena GET kufanya kazi hiyo, bali unataka POST, ombi la kutuma data. Wapo wanaoliona badiliko hili kuwa usumbufu, lakini mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Ombi la GET halipaswi kubadilisha chochote, kwa sababu kivinjari kinaweza kulituma chenyewe kinapoandaa kurasa mapema, na tovuti ya mtu mwingine inaweza kulificha ndani ya anwani ya picha na hivyo kumtoa mtumiaji kwenye akaunti yake bila yeye kujua. Ninakigeuza kiungo kuwa fomu ndogo yenye kitufe na tokeni ya kuzuia maombi ya kughushi, kisha ninapanga mwonekano wake ili mtumiaji asione tofauti.

Saa nne asubuhi

Python imepandishwa hadi 3.12, na Django hadi 5.0. Siruki moja kwa moja hadi 5.2, kwa kuwa mtu akiruka matoleo mawili kwa mkupuo na majaribio yakaanguka, hajui ni toleo lipi lililoyaangusha. Majaribio yanapopita, ninaanza sehemu niliyoisubiri kuliko zote.

Sifa mbili za 5.0 zinahusu swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa katika mfumo wowote wa data: kanuni ikae wapi? Ya kwanza ni `db_default`. Zamani thamani ya awali ya sehemu ya modeli (darasa la Python linaloeleza jedwali la hifadhidata) iliwekwa na Python, si na hifadhidata. Mradi data inapita kwenye Django, hakuna tatizo. Lakini jedwali letu la mapokezi linaandikwa pia na programu nyingine, inayoingiza rekodi kwa SQL moja kwa moja, na programu hiyo haijui lolote kuhusu modeli zetu. Ikiisahau tarehe, basi tarehe haipo. Sasa ninaandika `db_default=Now()`, na kanuni inahamia kwenye muundo wa jedwali lenyewe, ambako kila anayeandika, kwa lugha yoyote, anaikuta inamngoja.

Ya pili ni `GeneratedField`. Katika kila mstari wa agizo tuna idadi, bei na jumla. Jumla hiyo ilikuwa ikihesabiwa ndani ya njia ya `save()`, inayohifadhi rekodi moja, na wanaoifahamu Django wanajua udhaifu wa mpango huo: `update()` na `bulk_update()` haziiti `save()` hata kidogo. Bei za bidhaa nyingi zikibadilishwa kwa pamoja, jumla zinabaki za zamani, na hakuna onyo lolote linalotokea. Katika mpango mpya ninatangaza kwamba jumla ni `F("idadi") * F("bei")`, ninataja aina ya matokeo, ninaweka `db_persist=True`, na kuanzia hapo hifadhidata ndiyo inayohesabu. Hakuna tena mwenye uwezo wa kuandika jumla isiyolingana na idadi na bei, hata akikusudia. Ninafuta njia yetu ya `save()` yote pamoja na kazi ya usiku iliyokuwa ikipita kusahihisha jumla.

Masharti yapo, na ni ya haki: hesabu iguse sehemu za jedwali lilelile tu, isitegemee sehemu nyingine inayozalishwa kwa njia hiyohiyo, na itoe jibu lilelile kila inapopewa thamani zilezile. Kwenye PostgreSQL 16 yetu thamani lazima ihifadhiwe, kwani safu zinazohesabiwa wakati wa kusomwa tu zilikuja na toleo la 18.

Saa tano na nusu

Jaribio moja limeanguka, na nalifurahia, kwa sababu linanionyesha jambo ambalo maelezo ya toleo yaliligusa kwa juujuu tu. Jaribio linauchukua mstari wa agizo kutoka kwenye hifadhidata, linabadilisha idadi kutoka 2 hadi 5, linaita `save()`, kisha linasoma jumla. Jumla inasomeka ya zamani. Ninafungua hifadhidata na kukuta thamani iliyomo ni sahihi kabisa. Kilichobaki nyuma ni nakala iliyo kwenye kumbukumbu ya Python. Rekodi inapoundwa, Django huirudisha thamani iliyohesabiwa, lakini inaporekebishwa, matoleo haya ya 5 hayairudishi, na ni lazima mtu aite `refresh_from_db()`. Toleo la 6.0 limeliondoa pengo hilo kwa PostgreSQL, SQLite na Oracle. Kwetu sisi, ninatafuta kila mahali ambapo jumla inasomwa papo hapo baada ya marekebisho, naongeza mwito huo, na naandika maelezo mafupi kando ili atakayekuja na 6.0 ajue anaweza kuuondoa.

Saa saba mchana

Mapumziko mafupi, mbali na skrini.

Saa nane mchana

Sasa ni 5.1, ya Agosti 2024, na ndani yake sifa ninayoiona kuwa muhimu kuliko ukubwa wake: `LoginRequiredMiddleware`. Hadi sasa kila ukurasa uliohitaji mtumiaji aliyeingia ulipaswa kutangazwa hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa dekoreta ya `login_required`. Usalama wa mfumo mzima ulitegemea kumbukumbu ya mwandishi wa ukurasa mpya. Programu hii ya kati, ambayo kila ombi hupitia kabla ya kufika kwenye ukurasa, inaugeuza utaratibu: kurasa zote zimefungwa, na unaotakiwa kuwa wazi ndio unaotangazwa, kwa `login_not_required`. Ni sawa na mlango unaojifunga wenyewe kila mtu anapopita, badala ya ule unaomngoja wa mwisho kutoka akumbuke kuufunga.

Ninaiweka baada ya programu ya kati ya uthibitishaji, kwa kuwa bila hiyo haiwezi kujua mtumiaji ni nani, kisha ninaendesha majaribio na kuangalia ni kurasa zipi zinazompeleka mgeni kwenye ukurasa wa kuingia. Zilizotarajiwa kuwa wazi ni chache: ukurasa ambao seva ya kusawazisha mzigo huuliza kama mfumo uko hai, na anwani inayopokea taarifa kutoka kwa mfumo wa malipo, ambayo hujithibitisha kwa saini yake yenyewe na wala haina akaunti. Hizo mbili nazipa `login_not_required`, na kwa kila moja ninaandika sababu. Kuanzia leo, anayetaka kujua ni nini kilicho wazi katika mfumo wetu atatafuta neno moja tu kwenye msimbo na kupata orodha nzima, ilhali jana alihitaji kusoma kila faili na kuwaza ni nini kilichokosekana. Kutafuta kilichokosekana ni kazi ngumu mno kwa jicho la binadamu.

Mengine ya 5.1 nayapitia kwa haraka. Alama ya `querystring` kwenye violezo inanifutia msaidizi tuliojiandikia wa kubadilisha namba ya ukurasa bila kupoteza vichujio vilivyochaguliwa. Hodhi ya miunganisho ya PostgreSQL, yaani kundi la miunganisho iliyo tayari kutumiwa kwa zamu, ninaiacha kwa sasa: inahitaji psycopg (maktaba inayoiunganisha Python na PostgreSQL) ya toleo la 3 na inataka miunganisho ya kudumu izimwe, na badiliko kama hilo linastahili siku yake na vipimo vyake.

Saa tisa na nusu

Hatimaye 5.2. Sifa iliyosubiriwa kwa miaka mingi ni ufunguo msingi (kitambulisho cha kila rekodi) wa sehemu nyingi, `CompositePrimaryKey`. Mstari wa agizo kwa asili yake hutambulishwa na vitu viwili, agizo na bidhaa, na hadi sasa tumelazimika kuupa namba ya ziada isiyo na maana yoyote. Kwa hiyo nilitamani sana kuutumia. Nimeamua kutoutumia kwenye jedwali hili, na sababu zimo katika maelezo yenyewe: jedwali lililopo haliwezi kuhamishwa kwa uhamishaji wa kawaida (faili la Django linalobadilisha muundo wa jedwali) kutoka ufunguo mmoja hadi ufunguo mseto, modeli yenye ufunguo huo haiwezi kuelekezwa na `ForeignKey` (kiungo cha jedwali moja kwenda jingine) ya modeli nyingine, na haiwezi kusajiliwa kwenye ukurasa wa usimamizi. Wahasibu wetu huishi kwenye ukurasa huo. Lakini jedwali jipya la viwango vya hifadhi, linaloandaliwa kwa mwezi ujao, halina hata kimoja kati ya vikwazo hivyo, na nimemwandikia mwenzangu anayelisanifu alianze hivyo tangu siku ya kwanza.

Ipo sifa nyingine ya 5.2 ambayo haitaandikwa kwenye ripoti yoyote lakini nimeshaitumia mchana kutwa: `manage.py shell` sasa inaingiza modeli zote yenyewe. Mtu anayechunguza hitilafu huku simu inalia hahitaji tena kukumbuka modeli ipo kwenye faili gani.

Saa kumi na nusu jioni

Mwenzangu anayesimamia hifadhidata anapitia uhamishaji, na anasimama palepale nilipotarajia. "Kaka, hili jedwali la mistari ya maagizo ni kubwa," ananiambia. "Ukiongeza safu inayohesabiwa na kuhifadhiwa, PostgreSQL italiandika upya lote, na muda wote huo limefungwa, hakuna anayesoma wala kuandika." Yuko sahihi. Tunaujaribu uhamishaji kwenye nakala ya data halisi, na baada ya kuona unavyokwenda tunakubaliana kuutenga na mengine yote: toleo jipya la Django litapanda kwanza, likiwa na `db_default`, programu ya kati na kurasa zilizorekebishwa, huku jumla ikiendelea kuhesabiwa kwa njia ya zamani. Safu mpya itaongezwa baadaye, usiku, maghala yakiwa yamefungwa, chini ya jina jipya, na ile ya zamani itabaki mpaka zote mbili zilinganishwe.

Hiyo ina maana kwamba ile `save()` niliyoifuta asubuhi ninairudisha kwenye tawi hili, pamoja na kazi ya usiku, na kuuhamishia ufutaji wake kwenye tawi la pili.

Saa kumi na moja jioni

Majaribio yote yanapita kwenye 5.2 bila onyo hata moja, nikiwa bado nimewasha `-Wa`. Ninafungua ombi la kuunganisha tawi, ninaeleza kila badiliko na sababu yake, na kuliweka toleo kwenye seva ya majaribio ili wahasibu na watu wa ghala walitumie kuanzia kesho asubuhi. Tawi la pili, lenye `GeneratedField`, limewekewa alama kwamba lisiunganishwe kabla ya usiku wa uhamishaji kukubaliwa na maghala yote.