Nilivyomfundisha mpwa wangu fasihi kwa umbea

Nilitaka kujua nimsaidieje mpwa wangu apite fasihi ya Kiswahili, na kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja, mnunulie mwongozo, kile kitabu cha uchambuzi. Basi nikanunua, wa riwaya, wa tamthilia, wa ushairi, ikaenda kama elfu na kitu hivi ukitia na nauli ya kwenda mjini, na kijana wa dadangu akaikariri yote, dhamira anakutajia kwa mpangilio hata ukimwamsha usiku. Karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili ikaja, ile ya fasihi yenye alama 80, akarudi na ishirini na kitu. Nilikasirika jamani, na hasira yote ilikuwa kwa hao washauri.

Tatizo nililiona nilipompa kifungu asichokijua. Kila palipo na "kama" anapiga mstari, eti tashbihi, yaani kitu kimefananishwa na kingine. "Kama utachelewa nitakwenda peke yangu," tashbihi. Nikamuuliza, hapa nani kafananishwa na nini? Akaniangalia kwa huruma, "Anko, si kama hiyo hapo!" Nilicheka mpaka dadangu akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Sasa dawa yake, na hii najisifu nayo maana hakuna aliyenionyesha. Huyu kijana ni mmbea. Habari za mtaa mzima anazo yeye, nani kahama usiku, nani kadaiwa kodi. Nikamwambia funga kitabu, mpigie simu nyanya yako, msimulie onyesho moja la tamthilia kama mambo ya majirani. Na nyanya yake haachi kitu: Nani kasema hivyo? Alikuwa anamwambia nani? Walikuwa wapi? Mbona akasema vile? Haya, hebu angalia lile swali la "eleza muktadha wa dondoo hili", alama 4: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Bibi wa watu anatahini na hajui. Akauliza na huyo mwanamke wa kwenye onyesho ana tabia gani, kijana akajibu ni mchoyo, nyanya akamkatiza, "Kamnyima nani? Usisingizie watu!" Ndio ushahidi huo unaotakiwa kwenye zile insha za alama 20, hoja halafu tukio lake, na watoto wengi wanaandika hoja tupu kisha wanalia mwalimu anawaonea.

Kwa ushairi umbea ulifaa kwenye swali la lugha nathari, ubeti unausimulia tu kikawaida bila madoido, lakini mizani, ile hesabu ya silabi za mshororo, ilimtoa jasho. Nikamtungia mshororo, "Nimefika kwa jirani, mlango kanifungia." Ukwapi, kile kipande cha kwanza, nane, sawa. Utao, kipande cha pili, kila akihesabu anapata saba na anaapa ni saba. Kumbe ile m ya "mlango" anaimeza! Tukagonga meza kidole kwa kila silabi, m-la-ngo-ka-ni-fu-ngi-a, zikatimia. Nikamuuliza mbona sikusema "amenifungia", akagonga tena, ikatoka tisa, akanyamaza kidogo halafu akaruka, "Inkisari!" Ndiyo hiyo, kufupisha neno ili mizani itoshe. Siku hiyo niliagiza soda na mimi ni mgumu wa kutoa pesa, muulizeni dadangu.

Ufahamu, kile kifungu cha kusoma na kujibu maswali, haukutusumbua sana, isipokuwa maswali ya maana ya neno kama lilivyotumika. Kifungu kinasema mama alichota maji mtungini kwa kata, yeye kaandika kata ni eneo la chifu. Nikamwambia likamate hilo jibu lako ulirudishe kwenye sentensi, mama achote maji kwa eneo la chifu, linaingia? Tangu hapo anajaribisha kila jibu hivyo kabla hajaandika, na usahihi wa maneno aangalie pia maana tahajia mbovu inakula alama kimyakimya.

Alama zimepanda, ngapi sisemi, watu wana macho. Shida iliyobaki ni kwamba nyanya sasa ndiye anayepiga, anataka kujua yule mwanamke mchoyo aliishia wapi, na sisi tamthilia yenyewe hatujafika hata nusu.