Maneno mawili niliyofuta njiani kwenda Glasgow

Nimeamka Newcastle saa mbili asubuhi, koo kavu, na cha kwanza kunijia kichwani ni ile meza ndefu ya jana. Wafanyakazi wa ofisi fulani walikuja kusherehekea Krismasi ilhali Novemba haijaisha, wamevaa kofia za karatasi, bosi wao katikati. Aliyewahi kufanya vichekesho vya jukwaani hapa Uingereza msimu huu anaijua shida ya meza ya namna hiyo: hakuna anayecheka kabla hajamtazama bosi. Bosi wa jana hakucheka. Dakika ishirini nzima nilikuwa naongea na kofia.

Huna muda wa kulilia hilo, treni ya kaskazini inaondoka saa nne. Usiku huu ni Glasgow, kesho Manchester. Begi langu ni dogo: shati la jukwaani, chaja, daftari, na bahasha ya risiti. Mwaka wa kodi huku unaisha tarehe 5 Aprili, na sisi tuliojiajiri tuna hadi 31 Januari inayofuata kutuma hesabu kwa intaneti, kwa hiyo kila tiketi inaingia humo. Kuna klabu moja haijanilipa tangu Agosti. Nayo ina karatasi yake humo.

Wengi hudhani mchana mchekeshaji amelala. Mimi mchana nasikiliza. Kila usiku nairekodi kazi yangu kwa simu, halafu kesho yake naisikiliza neno kwa neno, jambo chungu kuliko kusikiliza sauti yako ukiwa na mafua. Treni ilipopita juu ya daraja la Berwick, lile la matao 28 lililofunguliwa mwaka 1850, abiria wenzangu walikuwa wanapiga picha mto. Mimi nilikuwa nimeziba masikio kwa hedifoni, nasikiliza ukimya wa watu wa ofisi.

Katikati ya ukimya ule kulikuwa na kicheko kimoja kilichokufa kabla ya wakati wake. Kichekesho chenyewe ni kifupi. Daktari ananiuliza, "Kwenye familia yenu kuna mwenye matatizo ya moyo?" Namjibu, "Hapana daktari. Kwetu hakuna mwenye moyo, hata mmoja."

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Mara ya tatu ndipo nikasikia kosa. Watu wanaanza kucheka kwenye "moyo", na mimi papo hapo nawaingilia na "hata mmoja". Wamefungua vinywa wacheke, nami nawaambia subirini, sijamaliza. Neno lenye sumu linatakiwa liwe la mwisho, kisha unyamaze. Hili nalijua miaka yote, na bado nalikosea.

Nikachukua kalamu, nikafuta "hata mmoja". Ukiniuliza nimeshindaje leo, jibu ni hilo: nimefuta maneno mawili.

Jukwaani nakisema kwa Kiingereza, bila shaka, lakini nilikiandika kwa Kiswahili kwanza, na kwa bahati moyo ni moyo pande zote mbili. Si vyote vinavyovuka. Nina kichekesho cha neno "paa", la nyumba, la mnyama na la kupaa, kimelala daftarini mwaka wa sita sasa. Nikikitafsiri inabidi nikieleze, na nikikieleza nageuka mwalimu. Halafu kuna suala la lafudhi. Dakika ya kwanza watu hawasikilizi nilichosema, wanasikiliza ninavyokisema, masikio yao yanatafuta mawimbi kama redio. Kwa hiyo kichekesho changu cha kwanza huwa kifupi, cha maneno mepesi, tena nakisema polepole. Kizuri nakiweka cha pili.

Nilifika Glasgow saa saba, na kufikia saa kumi jioni giza limeanza kuingia. Mji huu wa Uskoti una sifa yake kwa watu wa kazi hii. Palikuwa na ukumbi uitwao Glasgow Empire, uliofungwa mwaka 1963, na hadi leo unaitwa makaburi ya wachekeshaji kutoka England. Hadithi inayosimuliwa kwenye kila chumba cha kusubiria ni ya ndugu wawili wachekeshaji, Mike na Bernie Winters. Mike alitangulia jukwaani peke yake, akahangaika mbele ya ukumbi ulionuna. Kisha Bernie akachungulia kwenye pazia, meno nje, na sauti ikatoka gizani: "Mungu wangu, kumbe wako wawili!"

Mimi niko mmoja, nikajipa moyo.

Ukumbi wa leo uko chini ya ardhi, na dari lake unaligusa kwa mkono. Nililiona nikafurahi. Dari likiwa chini kicheko hakipotelei juu, kinarudi kumtafuta ambaye hajacheka. Nikaomba safu za nyuma zifungwe kwa utepe ili watu wabanane mbele, wakakubali. Taa jukwaani, giza kwao. Mtu anayejiona anaonekana hacheki kwa raha. Ukutani nyuma kuna kitaa chekundu. Kikiwaka nimebakiwa na dakika mbili, na kupitiliza muda kunakuharibia jina kuliko kutochekesha. MC alifungua saa mbili na nusu, akawachangamsha watu, kisha akaniita.

Cha kwanza kilipita salama, cha pili kikashika. Nilipofika kwa daktari nilikuwa najisikia nauma meno kuyazuia yale maneno mawili. "Kwetu hakuna mwenye moyo." Kimya, mdomo nimefunga. Kicheko kikaanza, kikapanda, kikafika juu kuliko usiku wowote wiki hii. Kilipoanza kushuka, mzee mmoja karibu na baa akauliza kwa upole kabisa, kana kwamba afya ya ukoo wangu inamnyima usingizi:

"Hata mmoja?"

Ukumbi ukalipuka. Nikamtazama, nikatikisa kichwa kwa huzuni. Ukalipuka tena.

Saa tano usiku tulikuwa barabarani kuelekea Manchester, wachekeshaji watatu ndani ya gari la mmoja wetu, wawili tunachangia mafuta. Safari ya saa tatu na nusu hivi, mvua tupu. Watu hudhani gari la namna hii ni kicheko mwanzo mwisho. Wachekeshaji hawacheki. Ukimwambia mwenzako kitu kizuri, anatazama mbele kama fundi anayesikiliza injini, halafu anatoa hukumu.

Nikawasimulia habari ya mzee. Kimya, vifuta kioo vikaenda na kurudi mara mbili tatu.

"Inachekesha," dereva akasema, bila kutabasamu. "Kesho utamtoa wapi?"

Nikawasha tochi ya simu, nikafungua daftari, nikayaandika tena yale maneno mawili niliyoyafuta asubuhi. Safari hii niliyawekea alama ya kuuliza.