Mshahara wa Mama Yake Musa

Somo: Kutoka 2:1–10, Matendo 7:20–22

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Habari za kisafina cha mafunjo tunazijua tangu Shule ya Jumapili, na mara nyingi tunaishia kwenye huruma ya binti Farao. Wiki hii tuisome aya ya tisa polepole. Binti Farao hakumpeleka mtoto ikulu siku ile ile. Alimkabidhi kwa mwanamke wa kumnyonyesha, akaahidi kumlipa, na mwanamke yule alikuwa mama mzazi wa mtoto. Musa alilelewa kwao kwa gharama ya mtu mwingine, na alipokua ndipo akapelekwa. Stefano anakuja kusema kwamba alifundishwa hekima yote ya Wamisri. Kabla ya hekima hiyo kulikuwa na maziwa, na kulikuwa na mtu aliyeyalipia.

Makanisa yetu mengi ya mijini hapa Tanzania, yakiguswa na watoto wanaolala stendi na sokoni, huanza na sare. Mtoto anaivaa Jumatatu, na kabla mwezi haujaisha amerudi kwenye baraza la duka. Tunasema ameshazoea mtaa. Lakini mtaani alikuwa akibeba mizigo na kuokota chupa apate hela ya kula siku hiyo. Darasani hana hela, ikifika saa nne njaa inamuuma, na usiku uliopita amelala jicho moja likiwa wazi kwa hofu. Atashika vipi kusoma?

Kwa hiyo kinachotangulia ni mahali pa kulala. Usimchukue mtoto kimya kimya ukamweka nyumbani kwako, hata kama moyo wako ni safi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji, kisha kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ukimkuta mtoto hatarini, piga 116, simu ya mtoto, ni bure. Afisa ndiye anayefuatilia ndugu, na wasipopatikana, ndiye anayesimamia mtoto kukabidhiwa kwa familia ya kuaminika chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Na ndugu mara nyingi wapo: bibi, shangazi, hata mama. Wengi waliondoka kwa njaa au kipigo. Kama ni njaa, hapo ndipo mshahara wa binti Farao unapohitajika. Bibi anayeuza mchicha akiongezewa unga, maharage na kodi ya chumba kwa mwaka mzima, atamlea mjukuu wake vizuri kuliko bweni tutakalojenga. Kama ni kipigo, mtoto asirudishwe kabla afisa hajafika kuiona nyumba ile.

Makaratasi yanachosha, lakini yanawezekana. Mtoto wa mtaani huwa na jina la mtaani. Asipokutajia jina la kwao wiki ya kwanza, usimlazimishe, maana anaogopa kurudishwa alikotoroka. Ukishalipata, uliza kama alishawahi kusoma. Aliyewahi kuandikishwa huenda tayari ana namba ya PREM, yaani namba ya kumtambulisha mwanafunzi, na akiandikishwa upya kama mgeni, mkanganyiko utajitokeza wakati wa kusajiliwa kwa mitihani ya darasa la nne au la saba. Mwalimu mkuu afuatilie uhamisho kutoka shule ya zamani. Asiye na cheti cha kuzaliwa aombewe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kwa usajili wa waliochelewa, na hapa kanisa lina kitu mkononi: cheti cha ubatizo hupokelewa kama kielelezo, pamoja na kadi ya kliniki au barua ya mtendaji. Wazee wa kanisa, daftari la ubatizo lililoliwa na mchwa linaweza kuwa ndilo karatasi pekee yenye jina la mtoto yule. Litunzeni. Wakati cheti kinatafutwa, mwombeni mwalimu mkuu ampokee mtoto kwa barua ya ustawi wa jamii, asikae mtaani akisubiri.

Usimkalishe kijana wa miaka 12 darasa la kwanza na watoto wa miaka 6. Ataona aibu, ataondoka. MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, iliwekwa kwa ajili ya wasioanza kwa wakati, na aliye mdogo akifaulu upimaji wa darasa la nne huweza kuingia la tano katika mfumo wa kawaida. Aliyefika 14 na kuendelea, uliza pia kuhusu IPOSA, mpango wa vijana walio nje ya shule, ambako kusoma na kuhesabu huenda pamoja na ufundi. Ulizeni kata yenu darasa hilo liko shule gani, maana si kila shule inalo.

Shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki kwa mlezi. Nunueni sare mbili. Ikiwa moja, inafuliwa jioni, na wakati wa masika haikauki. Mtoto anabaki nyumbani, na asipofika siku mbili hurudi sokoni. Chakula cha mchana kilipiwe muhula mzima kwa mkupuo, asirudishwe katikati ya mwezi kwa deni.

Tafadhali, msimwite mbele ya ibada kumkabidhi begi, wala msimpige picha. Kesho yake darasani ataitwa chokoraa na wenzake waliokuwa kanisani.

Kuna mtu mwingine katika somo letu, naye ni umbu lake Musa, yaani dada yake, aliyesimama mbali apate kujua yatakayompata mtoto. Kila mtoto tunayempeleka shule anahitaji mmoja wa namna hiyo, ajulikane kwa jina, na asiwe kamati. Kila Ijumaa aongee na mwalimu wa darasa na kuuliza mahudhurio. Mapema amweleze mwalimu kwamba mtoto huyu akichelewa, aulizwe kwanza kabla ya kuadhibiwa. Siku mtoto asipofika, aende kumtafuta jioni ile ile, stendi anayoijua, bila kugomba. Atatoroka pengine mara mbili au tatu katika muhula wa kwanza.

Tuombe: Bwana, uliyemwona mtoto kati ya majani ya mto, tuonyeshe anayelala karibu na mlango wa kanisa letu. Mpe bibi yake nguvu. Utupe sisi uaminifu wa kulipa mwezi wa tisa kama tulivyolipa Januari. Amina.