Homa iliondoka, vidole vikabaki vimejikunja

Homa yenyewe ilinikaa siku 4. Maumivu ya viungo sasa yana mwaka na nusu.

Naishi Newala, kusini mwa Tanzania. Zahanati walinipima malaria mara mbili, haikuonekana, lakini nikapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Bibi mzaa mama aliponiona nimeinama kama naokota kitu, akasema, "Mjukuu wangu, hiyo chikungunya. Jina lenyewe limetoka kwetu." Kweli, ugonjwa huu ulitambuliwa kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 huku huku uwanda wa Wamakonde, na jina lake ni Kimakonde, maana yake kujikunja. Bibi alikuwa binti mdogo wakati huo. Daktari wa hospitali naye akaja kusema vilevile.

Asubuhi ndiyo ilikuwa balaa. Vidole vimekaza, kifuniko cha chupa ya mafuta hakifunguki. Nguo nikawa naanika bila kukamua, maji yanachuruzika. Kukuna nazi nikamwachia binti yangu.

Kosa nililofanya ni diklofenaki, dawa ya maumivu. Nilinunua dukani, nikameza kila siku wiki 3, mpaka tumbo likawa linawaka moto. Daktari akanikataza, akanirudisha kwenye parasetamoli, akaniambia dawa ya kuua virusi hivi hakuna, tunatuliza maumivu na kuvitumikisha viungo taratibu. Nililia pale pale.

Kilichonisaidia ni maji ya uvuguvugu. Kila nikiamka, mikono kwenye beseni, nakunja na kukunjua vidole humo humo mpaka vilegee. Siku nikijilaza kutwa kwa uchungu, kesho yake ni mbaya zaidi. Siku nikijitutumua, vilevile. Msimu wa korosho kunyofoa korosho kwenye bibo, lile tunda lake, kuliniumiza sana kifundo cha mkono, basi nikatumia uzi wa nailoni: nazungusha pale korosho inaposhikana na bibo, navuta. Nusu saa, napumzika, naendelea.

Maji kwetu ni ya kuhifadhi, na mbu anayeeneza chikungunya hutaga humo humo kwenye mapipa na mitungi, tena anauma mchana. Sasa kila chombo kina kifuniko, na pipa nalisugua kila wiki.

Mwezi Juni, kukiwa na baridi, kifundo cha kulia bado huvimba. Lakini juzi nimekuna nazi moja nzima. Ya pili nikampa binti.